Rafu Tatu za Mizigo ya Watu

Jumanne, 11 Machi 2025

Mfungo wa kumi. Mvua tangu alfajiri. Wateja wanne, aliyenunua mmoja — mita mbili za bitana.

Miaka mingine, kumi la kwanza likiisha, mimi na Hezron hatupati hata muda wa kunyoosha mgongo. Mimi nakata vitambaa, yeye anashona chumba cha pili, ukuta wa mbao katikati yetu. Tunaongea kutwa bila kuonana. Yeye yuko Kwaresima, mimi Ramadhani, kwa hiyo sote tuna njaa na sote tunajua kununa. Leo cherehani yake imelia kidogo tu, ikanyamaza.

Alikuja Sikujua, yule anayeleta mchele kutoka Usevya. Nikafurahi. Akashika kile kitambaa cha maua ya zambarau, akakisugua shavuni, akakinusa, vile wanavyofanya wanaojua kitambaa. Akasema dada yangu hiki ndicho chenyewe. Nikachukua mkasi. Akasema subiri, nipime kwanza. Nikampima. Kifua, kiuno, nyonga, urefu. Kila namba nikitaja anaiandika kwenye simu.

Nikamuuliza, atashona Hezron? Akaangalia chini, akacheka. Kumbe kuna duka la mtandaoni, gauni linakuja limeshashonwa, wao wanataka vipimo tu. "Sasa mgongoni ningejipimaje peke yangu, dada?"

Nimewapimia wenzangu mteja wangu mwenyewe. Kwa futikamba yangu. Na alivyotoka nikamwambia karibu tena.

Ya Rabi nipe subira. Nimefunga duka mapema nikapike uji.

Alhamisi, 13 Machi 2025

Sasa nimejua kwa nini mtaa mzima una wazimu wa kuagiza. Hezron kaniambia kupitia ukutani. Lile duka la mtandaoni lina droo. Ukinunua chochote, hata soksi, jina lako linaingia. Zawadi ya kwanza — kupelekwa anga za juu. Si ndege. Juu kabisa, kule matajiri wanakolipa kwenda, wanaelea dakika chache, wanaiangalia dunia, wanarudi chini kula.

Nikamwambia Hezron acha utani. Akasema mama Abuu, naapa, na wewe ungeweka droo. Nikamuuliza zawadi gani? Akasema safari ya Usevya na kurudi, juu ya magunia.

Tumecheka. Njaa ikapungua kidogo.

Mchana kaingia mama mmoja simjui, kauliza kama akinunua khanga kwangu jina lake linaingia kwenye droo. Nikasema hapana mama. Akasema basi. Akatoka hivyo hivyo, kwa adabu kabisa.

Jumapili, 16 Machi 2025

Nimemkuta mume wangu kainua kichwa anaangalia mawingu, redio mapajani. Tangu mguu umharibikie, kiti chake ni kile cha mlangoni na kazi yake ni redio.

Akasema, mama Abuu, wanasema ukifika kule juu huoni mpaka wa nchi wala wa mkoa. Nikamwambia na mpaka wa shamba letu la kule Mamba nao hauonekani, maana jirani ameshauhamisha. Hakucheka.

Jana kwenye darsa ya alasiri alimuuliza sheikh: mtu akiwa huko anga za juu, kibla chake ni wapi? Watu wakageuka wote. Sheikh akasema aliye safarini anaswali kadiri anavyoweza, Mungu si mgumu. Kisha akaongeza, "Lakini Mzee Mbaruku, kwanza tumalize ngazi za msikiti bila kushikwa mkono." Msikiti mzima ukacheka, na yeye alicheka. Ameniambia hayo mwenyewe. Alipomaliza kuniambia nikacheka na mimi.

Akaizima redio. Halafu akasema: miaka thelathini na moja nimewapungia watu bendera pale stesheni. Treni inaondoka, mimi nabaki. Mwisho wangu Tabora.

Nikamjibu, Tabora nayo ni mbali. Nikaingia ndani kugeuza mihogo isishike. Sasa naandika na jibu langu silipendi.

Jumatano, 19 Machi 2025

Amekuja Nathanael. Zamani alikuwa anafundisha hesabu, akaacha chaki, sasa ndiye wakala wa lile duka la mtandaoni hapa Mpanda. Mizigo inateremka na basi, yeye anatafuta pa kuiweka watu waje kuichukua. Anataka pawe kwangu.

Kaongea vizuri, sisemi uongo. Anataka rafu tatu. Nitalipwa kila mwezi, mzigo uje usije. Kaangalia majora yangu akasema, "Mama, haya yamekaa. Mizigo yangu haikai."

Nikamwambia mwalimu, nipe muda. Akasema wiki moja tujaribu, Alhamisi ya tarehe ishirini na saba ataleta mkataba alasiri. Nisipotaka, fremu ya ng'ambo ipo wazi, na yeye hana ugomvi na mtu.

Kodi ya fremu inaisha mwezi huu. Mwenye nyumba ameshauliza mara mbili nitaendelea au nampisha mwingine. Kwa vitambaa peke yake siendelei. Nimeandika, basi, imekuwa kweli.

Nimemwambia Mbaruku wakati wa futari. Nilidhani atakataa. Duka hili tulilianza na majora sita, yeye ndiye aliyezipiga misumari rafu zile. Akatafuna tende. Akasema, "Fanya utakavyoona wewe." Nikamuuliza, na kanzu ya Idi, nikukatie ile tetroni nyeupe au ile ya rangi ya maziwa? Kila Idi namkatia mimi, Hezron anashona. Tangu Abuu hajazaliwa. Akasema mwaka huu usikate, ya mwaka jana bado nzima, tusiule mtaji.

Nikamwombea dua kimoyomoyo. Mume anayeonea huruma mtaji wa mkewe.

Ijumaa, 21 Machi 2025

Nimeteremsha majora ya rafu tatu. Mengine chini ya meza, mengine nimeyasimamisha kwenye kona kama watu wanaosubiri kuitwa. Vumbi lililotoka! Kifua kimenibana mpaka adhana ya adhuhuri.

Rafu tupu inatisha. Hezron kaja kuangalia, kavua kofia. Nikamwambia usivue kofia hapa hakuna msiba. Akasema najikuna tu.

Na yeye ana hofu yake. Nisipouza vitambaa, atashona nini? Hajasema. Kasema tu, kama watu wataleta magauni ya kupunguza na kuongeza, nitapunguza na nitaongeza.

Jumatatu, 24 Machi 2025

Mizigo ya kwanza, tisa. Mifuko ya nailoni ya kijivu, yote sura moja, huwezi kujua ndani kuna kiatu au kikaangio. Nathanael kanipa masharti, kayarudia kama yuko darasani. Mwenye mzigo anakuja mwenyewe. Anataja namba ya siri iliyo kwenye meseji yake. Haijalishi namjua au simjui. Hakuna kumpa mke, hakuna kumpa mume, hakuna kumpa mtoto.

Mama mmoja kaja kuchukua wa mumewe, namfahamu mwaka wa kumi huu, nimemrudisha. Ameniangalia kama karani wa ofisi.

Watu wameingia wengi leo kuliko mwezi mzima. Hawaangalii pembeni. Wanataja namba, wanachukua, wanatoka. Wawili tu wameshika kitambaa.

Halafu Sikujua. Kaufungua mzigo wake hapa hapa, meno nje. Gauni la zambarau. Akalipandisha kifuani — likaishia juu ya kitovu! Akalitazama nyuma na mbele. Hezron akachungulia akasema, shemeji, hili ni la mwanao anayejifunza kutembea.

Ikaja kujulikana. Mimi nilisoma inchi. Nimesoma inchi maisha yangu yote, mama yangu alisoma inchi. Wale wa mtandaoni wameshona sentimita. Arobaini na mbili yangu na arobaini na mbili yao ni mama na mtoto.

Akanigeukia: "Mbona hukuniambia ni inchi?"

Nikamwambia, "Na wewe mbona hukuniambia unampimia nani?"

Tukatazamana. Nikadhani atalia. Akacheka yeye kwanza, mpaka akakaa juu ya majora. Kumbe uchungu wake wala si gauni. Kama akilirudisha jina lake linatoka kwenye droo. Basi halirudishi. Atampa binti yake avae Pasaka, na yeye abaki na bahati yake. Akauliza kile kitambaa cha zambarau bado kipo? Nikasema kipo chini kabisa, majora kumi juu yake. Akasema basi dada usihangaike.

Ningehangaika. Angengoja kidogo ningekitoa.

Jumatano, 26 Machi 2025

Nimechoka. Magoti. Nimefuturu, nimeswali, nimekaa.

Abuu kapiga simu kutoka Dodoma, anasema mama saini, biashara ndiyo zinakwenda hivyo, usishindane na upepo. Nikamwambia sishindani. Nauliza tu nitakuwa nani. Akasema utakuwa mama Abuu yule yule mwenye rafu zinazolipa. Mtoto ana maneno mazuri, Mungu amtunze.

Nimeswali istikhara usiku wa jana na wa juzi, Mungu anichagulie. Sikuota kitu. Nimeamka nimetulia tu. Labda ndiyo jibu. Kesho nitasaini.

Mbaruku tangu juzi anaulizia simu yake kila mara, iko wapi, ina chaji. Nikamtania una mchumba? Akasema kwa mguu huu.

Alhamisi, 27 Machi 2025

Naandika dukani, kalamu nimeshika hivi hivi ili mikono ipate kazi.

Mizigo imefika asubuhi na basi, kumi na minne. Nathanael kaishusha mlangoni, kasema tuonane alasiri na karatasi. Mvua kubwa. Nikaanza kupanga kwa majina. Hana, Lucia, Maiko, Ngusa. Wa kumi na moja — MBARUKU. Nikasema akina Mbaruku ni wengi Mpanda. Nikaangalia namba ya simu. Ile namba nimeiandika mimi kwenye ukuta wa jikoni kwa mkaa.

Sikufungua. Nashuhudia sikufungua. Lakini mtu aliyeshika vitambaa miaka ishirini na miwili hahitaji kufungua. Nimeubonyeza tu. Kitambaa chepesi, si tetroni, ni kile kinachoshika mwili kwa jasho. Hapa mshono wa bega. Hapa shingo, ina tarizi. Hapa kile kishada kinachoning'inia.

Kanzu.

Na juu ya mfuko wamebandika karatasi ya njano: Hongera, jina lako limo kwenye droo. Safari ya anga za juu. Mtu mmoja.

Nimeisoma hiyo mtu mmoja sijui mara ngapi. Astaghfirullah. Nani atampeleka mzee mwenye mguu mbovu huko juu? Hakuna. Yeye mwenyewe anajua hakuna. Sasa kwa nini linauma? Angesema nataka kubahatisha, ningemnunulia soksi. Lakini kanzu. Na akaniambia tusiule mtaji, nikamwombea dua.

Au alitaka kuniambia siku ile ya treni, mimi nikaenda kwenye mihogo.

Nimeuweka rafu ya chini, nyuma ya mingine. Hiyo ilikuwa saa nne.

Sasa hivi nimesikia fimbo yake. Nilidhani anakuja kwangu, kumbe kapita, kaingia kwa Hezron. Kamsalimia. Kasema nisomee hii meseji fundi, miwani nimeisahau. Hajaisahau. Macho yameshaishinda miwani muda mrefu, na anayemsomea siku zote ni mimi. Kanipita mimi.

Mbao hizi hazizuii kitu. Hezron kasoma. Mzigo wako umefika. Namba yako ya siri ni hii, kaitaja. Uchukue mwenyewe, Duka la Vitambaa la Mama Abuu, Makanyagio.

Fimbo imegonga sakafu mara moja.

Mbaruku kasema, "Soma tena."

Hezron kasoma tena, taratibu, sauti ya chini, kama anasoma jina la marehemu kanisani. Kisha kasema, Mzee, ni hapa kwa mama.

"Nimesikia."

"Ulidhani ni wapi?"

"Stendi. Aliyeniagizia alisema stendi."

Cherehani haijalia tena.

Nimeutoa mzigo nikauweka mezani. Nimeurudisha rafuni. Nimeutoa tena. Masharti ni masharti, nilimrudisha mama wa watu juzi. Akija lazima nimuulize namba. Mume wangu, nimuulize namba ya siri, na yeye anitajie.

Fimbo imetoka kwa Hezron. Imefika kwenye kibaraza changu, imesimama. Namwona nusu, bega na kofia, maji yanamchuruzika. Haniiti. Ameshika nguzo, anafuta tope viatuni, kiatu kimoja, halafu kingine.

Hajawahi kufuta tope akiingia humu. Wanaofuta ni wateja.