Ngamia wa Baba Yako Wamepewa Wenyewe Wengine

Hodan, abaayo, dada yangu,

Mwalimu wetu wa akili unde, yule aliyekuja kwenye mazishi yako akatazama simu mpaka dua ikaisha, jana alitoa mhadhara hapa chuoni Garissa. Ati ametengeneza mashine inayosoma chapa ya ngamia na kumtaja mwenyewe. Ametengeneza! Picha ni zako za kule kwenu Eldas, zile ulizopiga huku mimi nikimbembeleza ngamia asigeuke. Jina lako hakulitaja hata kwa bahati mbaya.

Nikajikaza. Bwana kavaa suti kwenye joto hili, jasho linamtiririka, anatamka "maarifa ya wenyeji" utadhani kayazaa yeye. Kisha akaeleza kwa maringo alivyozifanya picha ziwe nyingi ili mashine ijifunze upesi: kila moja kaigeuza, kushoto ikawa kulia, kama kwenye kioo. Wageni wakapiga makofi.

Wallahi nilikusikia. Ulimwambia ofisini kwake, mimi nikiwepo, "Picha nyingine geuza, mwalimu, za ngamia usiguse." Chapa ya shingoni kushoto ni ya watu wenu, hiyohiyo ikiwa kulia, ni ya ukoo mwingine kabisa. Uliiandikia mashine kanuni hiyo ukiwa na homa, ukikohoa. Yeye kaifuta, ati inachelewesha.

Basi akaionyesha mashine picha ya yule ngamia mweupe wa baba yako, mkorofi aliyetafuna ushungi wako. Mashine ikasema ni wa watu wa kule Diff! Nikacheka kwa sauti, peke yangu, ukumbi mzima ukanigeukia. Zamani ungenifinya ninyamaze. Nilingoja kufinywa, Hodan, kisha kicheko kikageuka kilio mbele za watu.

Nilipopata sauti nikauliza picha alipiga nani. Akajibu, "Wanafunzi," akaendelea. Hivyo tu. Ngamia kapewa wengine, kazi yako kajipa mwenyewe, halafu akaenda kula sambusa.

Pumzika, abaayo, Allah akupanulie kaburi. Alhamisi zamu ya kuhutubu ni yangu, na kanuni yako nimeirudisha kwenye mashine. Nakuahidi nitaanza na jina lako, nifuate la baba yako, la babu yako, niendelee kupanda nasaba kama tunavyotajana sisi, wala sitaruka hata mmoja. Yeye atazame simu yake tu.

Ni mimi, Fardosa