Mchina Mchina Si Jina la Mtu

Rwamgasa, Jumanne jioni

Jua limewaka tangu asubuhi na vumbi la makarasha ya mawe limefika mpaka kwenye kamba ya nguo. Nimefua sare ya Masanja ikakauka na rangi ya udongo. Ningeifua tena bila kinyongo. Si vumbi lililoniharibia siku.

Nimekasirika. Naliandika neno hilo hapa kwa sababu mdomoni huwa halitoki. Miaka yote minne ya sekondari walimu waliandika kwenye ripoti yangu kwamba mimi ni msichana mtulivu. Haukuwa utulivu, ulikuwa woga.

Niseme kwanza Baba Masanja ni nani. Ni mume wa Mama, na ni baba mzazi wa mdogo wangu Masanja mwenye miaka saba. Baba yangu mimi alifariki nikiwa mdogo. Baba Masanja alitoka China kuja kufunga mashine za kusagia mawe ya dhahabu. Mkataba ukaisha, wenzake wakarudi, yeye akabaki. Karasha la mtu yeyote hapa likigoma, anaitwa yeye. Ukipishana naye asubuhi anakuwahi kwa salamu ya Kisukuma, "Mwangaluka", kabla hujafungua mdomo. Nimesomeshwa na mikono yake yenye grisi. Namwita Baba, na sioni neno jingine la kumwita.

Mwezi uliopita alikwenda kwao kwa sababu mama yake ni mgonjwa sana. Bibi huyo hajawahi kumwona Masanja ila kwenye simu, na amesema anataka kumshika mkono kabla hajafa. Ndiyo maana Mama na Masanja wanaomba viza. Mimi niko nyumbani nasubiri matokeo ya kidato cha nne, kwa hiyo karatasi zote zimekuwa kazi yangu.

Fomu ya Masanja ina sehemu ya jina la baba kwa herufi hizi zetu, na chini yake sehemu nyingine inayotaka jina hilohilo kwa herufi za kwao. Baba alinitumia kwenye simu: Tian Guoliang, halafu 田国良. Kwenye simu yangu zinaonekana vizuri. Kama kwako wewe unayesoma zimekuja vibaya, ujue hapo pana jina la mtu.

Leo nikaenda Katoro kwenye steshenari ya Kaka Shija, ambaye ndiye huwajazia watu fomu huku kwetu. Nikamtumia jina, akalibandika kwenye fomu, akaprinti. Chini ya jina la baba kukatokea visanduku vitatu vitupu. Kompyuta yake haizijui herufi hizo.

"Umeona, dogo?" akasema. "Kichina hicho."

"Kaka Shija, hivyo ni visanduku."

"Ndiyo Kichina chenyewe. Wale wanaandika majumbamajumba."

Kulikuwa na wachimbaji wawili wanasubiri kutoa kopi ya leseni, matope yamewakauka mpaka magotini. Mmoja akachungulia karatasi. "Baba yake ana nyumba tatu huyu!"

"Tatu?" akasema mwenzake. "Dada, nigawie moja, nimechoka kulala kwenye turubai."

Wakacheka. Kwa kweli hata mimi ningecheka, kama lingekuwa jina la baba wa mtu mwingine.

Kaka Shija hakuona tatizo lolote. Akachukua cheti cha kuzaliwa cha Masanja, akakisoma, akanitazama kama vile nilikuwa nampotezea muda.

"Mbona unajisumbua? Cheti hiki kinasema baba ni MCHINA MCHINA. Tunaandika hivyohivyo juu na chini, karatasi zinalingana, unaenda zako."

Ni kweli. Cheti kinasema hivyo. Nimekiona mara nyingi sandukuni mwa Mama na sikuwahi kukisoma mpaka mwisho.

"Si jina lake," nikasema.

"Kwani si Mchina?"

"Ni Mchina."

"Sasa?"

Sijui nini kilinipata. Nilisikia sauti yangu inatoka, nyembamba, inatetemeka, lakini inatoka.

"Na wewe ni Msukuma, Kaka Shija. Kitambulisho chako kimeandikwa Msukuma Msukuma?"

 Yule wa turubai akapiga meza kwa kiganja. "Shija! Umeangukiwa na jiwe leo!"

Shija hakucheka. Akanisukumia fomu nyingine ambayo haijajazwa. Kaandike mwenyewe, akasema, kwa peni nyeusi, na ukirudishwa usije kulia hapa. Nikatoka. Nilipofika nyuma ya duka nililia, lakini hiyo yeye haijui.

Najaribu kueleza kwa nini inaniuma hivi. Fomu inaambatanishwa na cheti hicho na kopi ya pasipoti ya Baba, na pasipoti inasema Tian Guoliang. Mtoto wa Mchina Mchina, kwenye karatasi, si mtoto wa Tian Guoliang. Ni mtoto wa mtu ambaye hayupo.

Nikaenda kwa Mama. Anauza chakula karibu na maduara, yale mashimo ya wachimbaji, na saa hizo alikuwa anaosha sahani. Nikamwonyesha cheti. Aliendelea kuosha sahani ileile muda mrefu.

"Nilimtajia jina," akasema. "Nilikuwa nimelishika vizuri, Minza. Nikamwambia Tian Guoliang, mara mbili. Yule mwandishi akasema, mama, hilo haliandikiki, na foleni ni ndefu. Akachungulia dirishani akamwona baba yenu amekaa nje. Akaandika Mchina. Halafu akasema yanatakiwa majina mawili, akaandika tena."

Haliandikiki!

Herufi kumi na mbili. Zote ziko kwenye alfabeti aliyofundishwa darasa la kwanza. Angemwomba tu Baba amwonyeshe pasipoti, alikuwa amekaa pale nje na begi lake. Hakutoka. Ilikuwa rahisi zaidi kumtazama kupitia dirishani na kuandika alichokiona. Na Mama, aliyeishia darasa la nne, aliyekuwa amejifungua juzi yake, angembishia vipi mtu mwenye peni na muhuri?

Nikamtumia Baba ujumbe, nikamweleza yote. Nikamwambia pia ukweli kwamba kusahihisha cheti kunataka kiapo na kusubiri, labda wiki nyingi, na kwamba nasikia mama yake hali yake si nzuri. Nikamuuliza tufanyeje. Akanijibu kwa sauti, kwa Kiswahili chake.

"Minza, pole. Hapana andika Mchina. Mama yangu kila siku uliza, mtoto ya Guoliang iko wapi. Hapana uliza mtoto ya Mchina. Yeye sasa kula kidogo sana." Hapo nikasikia mlango unafungwa upande wake. "Lakini andika sawa. Mimi ngoja."

Nimeusikiliza ujumbe ule zaidi ya ninavyotaka kukiri.

Baadaye akanitumia video ya mkono wake unaandika polepole, mstari mmoja baada ya mwingine. Nilidhani kwenye herufi mbili za mwanzo unachora tu mraba kisha unaujaza. Siyo. Unajenga kuta tatu, unaweka vya ndani, ndipo unafunga chini. "Watu ingia kwanza," anasema kwenye video, "halafu funga mlango." Nimefanya mazoezi kwenye daftari langu la Jiografia mpaka kurasa zimeisha. Za mwanzo zilikuwa mbaya sana. Nilimtumia picha zake, akazikataa zote, akicheka kidogo, na nilifurahi kumsikia akicheka. Kabla jua halijazama nilijaza fomu kwa peni nyeusi. Baba akasema: huyo mimi.

Fomu iko sawa. Cheti bado.

Hasira yangu leo imekaa hapo. Kuna bibi kitandani ambaye huenda hatafikisha wiki hizo, na muda wake unaliwa na mtu mmoja ambaye miaka saba iliyopita hakutaka kuinuka kwenye kiti chake. Hata hatakumbuka. Hatajua kamwe kwamba anadaiwa na mtu.

Masanja ameniuliza wakati wa kula, "Kwa hiyo mimi ni Masanja nani?" Shuleni wanamwita Masanja Mchina na huwa anaitika. Nimemwambia wewe ni Masanja Tian, kwa jina la ukoo wa Baba. Amelirudia, akaomba ugali mwingine.

Kesho tunaanza na kiapo, halafu ofisi ya vyeti. Mama amefunga meza yake ya chakula kwa siku nzima, jambo ambalo halifanyi hata akiumwa. Ameanika gauni lake la kanisani. Sasa hivi amekuja akasimama mlangoni mwangu.

"Utasema wewe, Minza? Mimi mbele ya wale watu huwa natetemeka."

"Hata mimi natetemeka, Mama."

Akafikiri.

"Basi twende tukatetemeke wote. Ila tusiondoke mpaka waandike."