Kasia la Shemeji

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu za mdogo wako, mwenye sura nzuri kuliko wote mliozaliwa nyumba ile. Natumaini u mzima, watoto wazima, na mgongo wa mama umempumzisha kidogo. Mimi ni mzima isipokuwa makalio, ambayo tangu niingie kwenye kayaki, kimtumbwi hiki chembamba cha watu wawili, hayataki kunitambua.

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu simu yangu ilikunywa maji ya chumvi siku ya kwanza, ikafa bila kuaga. Ya shemeji ipo, lakini sababu ya kutoiomba utaiona huko mbele. Boti ya mizigo inarudi mjini jioni hii, na nahodha amekubali kukufikishia barua.

Mashindano yetu ya makasia yamebakiza kipande kimoja tu tumalize kukizunguka kisiwa chote. Tulikuwa tuondoke asubuhi, ila waamuzi wametuzuia hadi kesho, wanasema upepo ni mkali. Wametulaza kwenye darasa, na unajua mimi na madarasa hatukuachana vizuri. Nimekaa, nimesimama, nimetoka kuichungulia bahari, nimerudi. Muuguzi wa mashindano amesema nikipita tena mbele yake atanichoma sindano ya usingizi.

Sasa sikia sifa. Sisi ni wa pili, dada. Mbele yetu wako walimu wawili wa kuogelea wenye mabega kama milango. Jana tuliwakaribia, nikawauliza kama wangependa tuwafunge kamba tuwavute. Hawakucheka. Mimi nakaa nyuma, nashika usukani kwa miguu. Shemeji yuko mbele, ndiye anayetoa mwendo, akichovya kasia nami nachovya. Nilidhani fundi cherehani ataishiwa pumzi mapema. Kumbe mume wako ni mashine, ila usimwambie nimemsifu.

Juzi mwendo wake ulianza kuyumba upande wa kulia. Nikamtania kwamba anapinda suruali badala ya kupiga kasia. Akaniambia niangalie usukani wangu. Nikatii, jambo ambalo hujawahi kuliona kwangu.

Leo asubuhi kile kitambaa tunachojifunga kiunoni kuzuia maji yasiingie ndani kilichanika. Nikampelekea shemeji pamoja na sindano. Dada, alishindwa kutunga uzi. Kwanza akalaumu uzi, kisha akalaumu mwanga, na jua lilikuwa linatupiga usoni. Halafu sindano ikamponyoka. Ikawa pale sakafuni anaiona, vidole haviwezi kuiokota. Nikamkamata mkono. Kifundo kimevimba, na akakiri kwamba vidole vitatu havina hisia tangu juzi. Akanisihi nisikwambie wewe wala muuguzi. Nikamuuliza anajitesea nini. Akasema mtaa mzima umenisikia nikitangaza ushindi, naye hataki mimi shemeji yake nirudi nikazomewe.

Nimezunguka uwanja wa shule mpaka mbwa wa mlinzi amechoka kunibwekea. Kesho tunapita rasi, penye mawimbi makubwa kuliko yote tuliyoyapita. Kwa ukaidi wake atapiga kasia mpaka mkono umfie, na mkono ule ndio cherehani, ndio mkasi, ndio nyumba yenu.

Kwa hiyo sikiliza, na uniwekee siri. Nikifunga barua hii naenda kwa waamuzi kuwaambia mimi ndiye siwezi, kwamba nimeyaona mawimbi na moyo umenitoka. Mmoja akijitoa, kayaki nzima imetoka, ndiyo sheria yao. Muuguzi nitamnong'oneza pembeni amkague shemeji. Shemeji atanitukana njia nzima, muache atukane. Ukimpokea usimuulize neno, mpeleke hospitali tu.

Wasalimie wote hapo nyumbani. Mama mwambie nakula vizuri. Mafundi wenzangu wa pancha watanicheka hadi mwakani, na ukiwasikia wanacheka, cheka nao, ili shemeji asishtukie kwamba unajua nimedanganya. Wagumu ni watoto, maana niliwaahidi medali waivae kwa zamu. Waambie mjomba wao aliogopa maji. Usiongeze kitu kingine.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,

Machachari