Madigadi Ndani ya Molasi

Malava, Jumanne jioni, 1996

Eti mimi napika chang'aa, ile pombe haramu ya molasi. Naibu wa chifu amefuata harufu ya molasi hadi kwenye pipa langu nyuma ya jikoni.

"Mama Rose, kumbe na wewe unapikanga?"

Nikamwambia molasi na maji hutoa kutu. Akacheka. Nikatumbukiza mkono hadi kiwiko, nikatoa madigadi ya mbele ya pikipiki yangu, nikaipangusa kwa leso. Hakuna kutu hata chembe.

Hakuitazama. "Kesho nikute umemwaga hii yote, ama nikushike."

Naogopa, sikatai. Bila pikipiki siwafikii wagonjwa ninaowauguza vijijini. Lakini madigadi ya nyuma bado imo pipani na inataka siku tatu, na simwagi. Nimemwekea kikombe juu ya pipa. Akija, aonje kwanza.