Jicho la Kushoto la Baba Emmanuel

Jumapili, 2 Februari

Nimefua, nimechagua maharagwe, nimelisha kuku. Mabati yamefika. Jumapili ijayo tunahama boma la baba mkwe hapa Rangwe, tukaanzishe letu. Kwa Wajaluo mume hutangulia na mzee wake na mtoto wa kiume wa kwanza, jogoo na shoka mkononi, mke nyuma na moto. Nyumba inasimama siku hiyo hiyo na mnalala humo. Mimi ni Mkuria, lakini desturi hii nimeikariri kuwashinda wenyewe.

Mume wangu, Baba Emmanuel, ameahirisha kuhama kila mwaka. Kiangazi kikali. Ada ya shule. Juma lililopita, siku ya kuleta nguzo, akashikwa na homa na viungo kuuma. Zahanati walipima malaria, hakuna. Muuguzi akasema ni virusi tu, anywe maji na apumzike. Virusi gani hivi vinavyojua siku ya kazi?

Jumanne, 4 Februari

Asubuhi alikuwa ananyoa ndevu. Akaweka wembe chini. "Mama Emmanuel, hii jicho ya kushoto imezima."

Nikamulika na tochi ya simu. Jeupe, safi, halina tongo. Haliumi, anasema. Limezima tu, kama mtu amefunga pazia. Akataka twende hospitali Homa Bay leo leo. Nikamwambia nguzo zinahitaji kuchongwa, hospitali haihami.

Simwamini. Jicho bovu huwa jekundu. Huwa linatoa machozi. Hili linaniangalia vizuri kabisa.

Jumatano, 5 Februari

Nimemtega. Chai nimeiweka upande wa kushoto. Akapapasa meza. Baadaye nikasimama kushotoni kwake nikamtolea ulimi, mimi mama wa watoto watatu. Hakucheka. Lakini anayejua kuigiza hujua pia kutocheka.

Mama mkwe amesema nyumba isubiri, mwanawe ni mgonjwa. Amesema kwa Kiswahili ili nisikie vizuri. Kisha wakaingia jikoni wakanong'ona Kijaluo. Hawa wamepanga. Mama hataki mwanawe atoke, na mwana hataki kutoka. Mimi nitazeekea kwenye sufuria za mama mkwe.

Alhamisi, 6 Februari

Amemwaga uji nje ya kikombe, kwenye kitambaa nilichofuma mwenyewe. Nimemfokea mbele ya watoto. Akapapasa kitambaa, akaanza kukifuta. Kwa upole huo nimekasirika zaidi.

Hajataja hospitali tena. Angekuwa mgonjwa kweli angeng'ang'ania.

Jumamosi, 8 Februari

Sabato. Kanisani alifunga jicho la kulia na kutazama mbele muda mrefu. Nilimwona. Nikajiuliza anamwigizia nani, maana hakujua kwamba namtazama. Sikupenda swali hilo. Nikaimba kwa nguvu.

Jumapili, 9 Februari

Tumehama.

Lazima niandike jinsi ilivyokuwa. Baba mkwe alionyesha mahali. Baba Emmanuel akapewa shoka achonge ncha ya nguzo ya kwanza. Akapiga udongo, karibu na kidole chake cha mguu. Watu wakaguna. Akapiga tena, hewa. Baadaye ikawa misumari. Huyu ni fundi seremala, soko zima la Rangwe linalalia vitanda vyake. Nyundo ikatua kando ya msumari, kisha kando tena, kisha kwenye kidole gumba. Vijana wakacheka, wakasema fundi amelewa. Msabato huyu hajawahi kuonja pombe.

Baba mkwe alikuwa anatazama. Hakuna mwanamume atakayejiaibisha hivyo mbele ya baba yake siku ya kujenga boma lake. Hata kwa kumkomoa mke.

Moto niliubeba mimi. Nyumba imeisha. Sina furaha hata kidogo.

Jumatatu, 10 Februari

Homa Bay. Daktari, mama mmoja mpole, alimtia dawa ya matone, akachungulia ndani na taa yake. Mshipa mdogo unaopeleka damu nyuma ya jicho umeziba. Akapima presha na sukari. Akauliza kama aliugua karibuni. Nikasema homa, virusi. Akasema kuna wagonjwa walioonekana kupata hivi baada ya virusi, damu inaganda kwa urahisi, lakini hawezi kuapa kwamba ndicho kisa. Moyo na mishipa ya shingo vichunguzwe, maana kilichoziba jichoni kinaweza kuziba kichwani.

Kisha akauliza mbona hatukuja siku ile ile. Jicho bila damu huvumilia saa chache tu. Hata hivyo, akasema, pengine lisingepona.

Nilifungua kinywa. Baba Emmanuel akaniwahi. "Ni mimi, daktari. Nilipuuza."

Pengine. Neno hilo nimerudi nalo nyumbani.

Jumatano, 12 Februari

Dawa za kulainisha damu ameanza. Mama mkwe ameleta samaki, akaketi nami mlangoni. Nikaanza kuwaparua magamba. Nilimsingizia moyoni mambo mengi.

Baba Emmanuel hajanilaumu. Najua anajua. Nachunguza sauti yake anaponiita, natafuta hasira. Sijaipata, na hilo linanitia hofu kuliko hasira yenyewe.

Jumanne, 18 Februari

Mvua kidogo. Bati halivuji.

Tulikuwa tunakunywa chai nje. Akafunga jicho la kulia, akageukia upande wangu, akasema leo anaona mwanga kidogo, hata rangi ya leso yangu. Nyekundu, akasema.

Nimejifunga ya kijani.

Nikamwambia tumshukuru Mungu. Nikammiminia chai nyingine.