Siku ya Kuvuka Basotu

Jumamosi, 6 Julai

Ziwa Basotu tena. Ukungu mpaka asubuhi imekwisha, vidole havifungi kamba kwa baridi. Nimekagua mashua zote za klabu yetu. Moja inavuja karibu na usukani, fundi ataiziba. Maboya ya kuvaa yanatutosha sisi, hayatoshi wageni. Nimewatumia ujumbe wenzetu wa Babati: kila anayekuja aje na boya lake.

Mazoezi ya kugeuza tanga. Walimu wanabishana, watu wa afya wanacheka, hakuna anayeangalia kamba. Nimepiga kelele mpaka sauti imekauka. Mimi ni mtu wa Ukerewe, baba alinifundisha kuendesha mashua kabla sijajua kusoma. Sikudhani ujuzi huo ungenifuata huku, kwenye ngano na baridi, nilikoletwa kuwa muuguzi. Mjini Katesh bado wanatucheka. Klabu ya matanga! Nani kafiwa?

Safari kubwa ni tarehe 27. Tunavuka ziwa kwa kundi, sisi na Babati, tunakula ng'ambo kwa Mama Paskalina, tunalala kwenye mahema pembeni ya shamba lake, tunarudi Jumapili. Mwenyekiti wetu, Mwalimu Kessy, anasema itakuwa historia. Mpangaji ni mimi. Ikiharibika, itaharibika kwa jina langu.

Jumatano, 10 Julai

Daudi alinisubiri nje ya kliniki mpaka mama wa mwisho akaondoka na mtoto wake. Daudi anafundisha hesabu sekondari. Matope yaliposhuka kutoka mlimani yalichukua nyumba yake mtaa wa Jorodom, na mkewe Anna akiwa ndani. Yeye na binti yao Happy walikuwa wamelala kwa bibi. Sasa wamepanga chumba upande wa juu wa mji.

Anataka Happy avuke naye tarehe 27, kwenye mashua yake.

"Nesi, mtoto akisikia maji yanatiririka anaziba masikio. Hata bomba. Nataka aone maji yanaweza pia kumbeba mtu."

Nilikataa. Happy ana miaka tisa, hajui kuogelea, na mashua ya tanga si mahali pa kutibiwa hofu. Hakubishana. Aliniaga vizuri kabisa. Nimebaki najisikia vibaya.

Jumapili, 14 Julai

Daudi alikwenda kwa Kessy. Kessy amemkubalia. Hakuniuliza, amenipigia simu tu kunijulisha. Nimekasirika mpaka chai imepoa mkononi.

Nilimwambia Kessy: mtoto apande na mimi kwenye boti ya injini, ile ya kusindikiza, au mtafute mpangaji mwingine. Akacheka, akadhani natania. Baadaye Daudi alipiga mwenyewe. Amekubali. Kessy atapanda na Daudi, kwa kuwa Kessy hajui kuongoza mashua peke yake na hataki kukaa na wageni.

Jumamosi, 20 Julai

Upepo wa Julai umeanza kwa nguvu. Asubuhi maji kama sakafu. Jua likipanda upepo unashuka kutoka upande wa mlima, mchana ziwa lote ni povu. Tumeona pia kiboko jike na mtoto wake kwenye matete, upande ule upepo unakosukumia mashua. Kiboko mwenye mtoto hana mzaha.

Basi nimeweka sharti, na wote wamelisikia: tunaondoka mapema, saa mbili. Saa sita mtu yeyote asiwe katikati ya ziwa. Kessy alitikisa kichwa kukubali.

Happy alipanda boti yangu kwa mara ya kwanza. Aliziba masikio kwa mikono yote miwili, kwa hiyo hakuwa na mkono wa kujishikia. Nilimshika boya mgongoni. Tulizunguka karibu na ufuko, polepole. Kabla hatujarudi mkono mmoja ulikuwa umeshuka na umeshika ubao. Baba yake aliona kutoka kwenye mashua yake.

Alhamisi, 25 Julai

Kessy amealika mgeni rasmi. Atatuaga ufukweni kwa hotuba. Nimeambiwa leo, siku mbili kabla!

Nilikwenda nyumbani kwake. Nilimwambia upepo haumsubiri mgeni rasmi. Akanikaribisha chai, akaongea taratibu kama anavyoongea na wazazi wa wanafunzi watoro.

"Zuhura, mimi na wewe wote tumehamishiwa hapa. Tukiondoka, klabu itakufa. Ikitambuliwa na wakubwa, itabaki."

"Akichelewa?"

"Hatachelewa."

Nimerudi nyumbani kukagua orodha ya mashua tena.

Jumamosi, 27 Julai

Nimerudi nyumbani. Nguo bado zina tope. Siwezi kuandika. Kesho.

Jumapili, 28 Julai

Naanza mwanzo.

Saa mbili tulikuwa tayari. Mashua zetu, mashua za Babati zilizokuja na lori, matanga yamekunjwa, watu wamevaa maboya. Maji yametulia. Mgeni hakuwepo. Saa tatu hakuwepo. Nilimfuata Kessy mara ya kwanza, akasema yuko njiani. Mara ya pili akasema amepita Katesh. Mara ya tatu alinionyesha kiganja tu, simu iko sikioni. Ngano ng'ambo ilianza kulala upande mmoja. Niliiona. Naandika hapa kwamba niliiona.

Mgeni alifika saa tano imepita. Mtu mpole, aliomba radhi, alisema maneno machache. Sina neno naye. Kisha Kessy alinigeukia mbele ya watu wote. "Mpangaji, tuondoe." Wageni walikuwa wanapiga makofi. Nilipaswa kusema hapana. Nilisema, "Haya, kwa utaratibu, tukaribiane." Hayo ndiyo maneno yangu.

Hatukufika katikati. Upepo ulikuja wote mara moja, kama mlango uliofunguliwa. Nilipaza sauti washushe matanga. Wetu walishusha. Mtu mmoja wa Babati alichelewa, mashua ikalala ubavu, ikapinduka, watu wote majini. Boya moja lilielea peke yake, mwenye boya hakulifunga.

Wakati huohuo Daudi. Kamba yake ilikwama juu ya mlingoti, tanga halikushuka. Mashua yake ilikuwa inakwenda kasi kabisa kuelekea kwenye matete. Yeye na Kessy. Niliona kofia nyeupe ya Kessy, kisha povu, kisha kofia tena.

Boti ya injini ni moja tu. Happy amekaa mbele yangu, uso kwa baba yake.

Niligeuza boti kwenda kwa waliopinduka.

Happy alisimama. Nilimvuta akakaa. Alipiga kelele, "Baba yuko kule! Nesi, baba yuko kule!" Kila nilipokaza injini naye alikaza sauti. Nilikuwa natafuta kichwa kisicho na boya.

Nilikiona. Kijana wa Babati, fundi seremala, jina lake Isaya. Alikuwa amekwisha meza maji. Nilimshika ukosi, wenzake wakamsukuma kutoka chini, akaingia botini kama gunia. Nilimlaza ubavu, akatapika, akapumua. Happy aliacha kulia, akamwangalia tu. Miguu ya Isaya ilikuwa juu ya miguu yake, hakuisogeza.

Wengine waliingia, wengine walishika ukingo. Boti ilishuka mpaka ukingo ukakaribia maji. Nisingeweza kwenda kwenye matete na mzigo ule. Nikawapeleka ufukweni. Nikamwambia Happy ashuke. Alikataa. Mama mmoja wa Babati alimbeba kwa nguvu, nikaondoka huku namsikia.

Upepo ulinirudisha mara mbili. Mara ya pili injini ilinywa maji ikazimika, nikasukumwa mpaka ufukweni. Tukafungua plagi, tukaikausha kwa shati la mtu. Muda wote huo matete yalikuwa hayaonyeshi kitu. Hakuna tanga. Hakuna kofia. Nilianza kupanga maneno ya kumwambia mtoto ambaye tayari hana mama. Niliyapanga kweli, moja baada ya jingine, na mikono inaendelea na plagi.

Jua lilikuwa limeinama upepo ulipopungua. Nilikwenda na mwanachama mmoja tu, polepole, injini kwa sauti ya chini. Tukawakuta. Mashua imeingia ndani ya matete, mlingoti umevunjika. Daudi amekaa nyuma. Kessy amekaa chini kabisa, magoti kifuani. Kati yao na nchi kavu, kiboko na mtoto wake.

Daudi alinyanyua kidole. Tulia. Tukatulia. Kiboko alituangalia muda ambao sijui kuusema. Kisha akazama, mtoto naye, tukaona mkondo wao unaelekea mbali. Tukawavuta kwa kamba mpaka maji mapana.

Ufukweni Happy alimkimbilia baba yake, akampiga. Ngumi kifuani, ngumi tumboni. Daudi alisimama apigwe. Kisha akamnyanyua.

Wote wako hai. Neno hili nimeliandika mwisho kwa sababu jana mchana kutwa sikuwa nalo.

Jumanne, 30 Julai

Nimekutana na Daudi na Happy sokoni, kwenye nyanya. Happy alinitazama, akageuza uso. Baba yake akamwambia, "Msalimie Nesi." Hakusalimia. Daudi aliona aibu, mtoto wake amelelewa vizuri. Nilimwambia amwache.

Inauma kuliko nilivyodhani.

Isaya amepiga simu kutoka Babati. Kifua kimepona. Mama yake alichukua simu, akanishukuru mpaka sauti ikamkatika. Nilifurahi. Kisha nikamkumbuka Happy na furaha ikasimama hapohapo.

Alhamisi, 1 Agosti

Kikao cha klabu, darasani kwa Kessy. Nilikwenda nimejiandaa kwa vita. Nilijua atasema upepo ulikuwa wa ghafla. Nilijua watu watatikisa vichwa.

Kessy alisimama. Amekonda siku hizi chache, au naona hivyo.

"Upepo haukuwa wa ghafla," alisema. "Zuhura alinifuata mara tatu. Niliogopa kuaibika mbele ya mgeni. Niliwaweka ninyi majini kwa ajili ya aibu yangu."

Akaeleza ya kwenye matete. Alitaka kuruka akimbilie nchi kavu, Daudi akamshika mkanda. Mchana wote Daudi alimshika mkanda na kumsemesha kwa sauti ya chini ili asiruke. Alimsimulia habari za Anna. Jinsi alivyokuwa anaimba vibaya kanisani na hajali. Jinsi alivyokataa kuolewa naye mwanzoni kwa sababu ya viatu vyake. "Shule yangu iko jirani na yake," Kessy alisema, "sikuwahi kumuuliza jina la mkewe."

Daudi alikuwa anaangalia dawati.

Kessy amejiuzulu. Wakanigeukia mimi. Nilisema na mimi nina langu: nilisema "haya" wakati nilipaswa kusema hapana. Hakuna aliyenilaumu. Ningependa mmoja anilaumu.

Hakuna safari mpaka upepo wa mwaka huu upite. Na siku ya kuondoka, neno la mwisho ni la mpangaji, awe nani awe nani yuko ufukweni. Wamepitisha wote.

Jumapili, 4 Agosti

Sikwenda Basotu. Nimefua. Nimepika makande, yameungua.

Nimeota kichwa cha Isaya juu ya maji, nikikigeuza ni cha Daudi.

Jumatatu, 12 Agosti

Kliniki ilikuwa imejaa asubuhi, chanjo. Mchana watu wakapungua. Daudi alipita haraka na Happy, akaomba amwache kwangu mpaka kipindi cha mwisho kiishe, bibi ana homa na chumba kimefungwa. Nilishangaa. Labda hakuwa na mtu mwingine. Labda alifanya makusudi. Sikumuuliza.

Happy alikaa mwisho wa benchi, mbali na mimi. Nilimpa chungwa. Alilishika, hakulimenya. Niliendelea kukunja pamba.

"Ungejua baba atakufa," alisema, "ungekwenda kwa wale?"

Nilitaka kumdanganya. Maneno yalikuwa tayari mdomoni, matamu.

"Ndiyo. Wao walikuwa majini. Baba alikuwa bado ndani ya mashua."

Nje mtu alikuwa anamwita mbuzi.

"Na mimi ningekuwa majini?"

"Ningekuja kwako."

"Hata kama baba yuko kwenye matete?"

"Hata kama."

Alifikiri sana, uso umekunjamana kama wa baba yake akisahihisha madaftari. Kisha alimenya chungwa. Alikula lote, mbegu akaziweka mfukoni mwa sweta. Mama mmoja aliingia na mtoto mwenye kikohozi, nikamhudumia, akaondoka. Niliporudi kwenye benchi Happy alikuwa amesogea upande wangu. Baada ya muda kichwa chake kilianza kuanguka, kikainuka, kikaanguka tena, kikatulia begani kwangu.

Daudi alichelewa. Mkono wangu uliingia ganzi wote. Sikuusogeza.