Wakili wa Bure

Ipogolo, Iringa
4 Machi 2024

Kamwene mwanangu Kasian,

Hujambo wewe, mkeo na watoto? Huku tu wazima, ila moyo wangu umeumia. Wiki iliyopita hoteli ilinifukuza. Meneja anasema nimeiba nyama. Mimi, Kasian! Miaka yote niliyopika pale hata mfupa sijaubeba. Sasa nikiingia kwenye sala za jumuiya, watu wananyamaza. Nataka jina langu lisafishwe, na kazi yangu kama itawezekana.

Wewe ni wakili. Nieleze mawakili hulipwaje kwenye kesi za kazi, na wewe utanidai nini. Nitauza mahindi, hata yule ndama. Tuelewane mapema, kama ninavyoelewana na fundi kabla hajapanda juu ya paa.

Shangazi yako,
Veneranda


Mbeya
9 Machi 2024

Shikamoo shangazi,

Pole sana. Huku hatujambo, mvua tu ndiyo haikatiki. Barua yako imenitia hasira.

Umeuliza vizuri. Wakili mwingine hutaka ada yote mwanzoni, mwingine hulipwa kila anapokwenda kwenye shauri, mwingine husubiri ushinde achukue fungu lake. Nauli na karatasi huwa juu yako. Mteja mwenye akili hudai yote yaandikwe na kusainiwa. Lakini hayo ni ya wageni. Nikiandikiana mkataba na wewe uliyenibeba mgongoni, marehemu baba atafufuka anichape. Kwako ni bure.

Tume ya usuluhishi inataka malalamiko yafike ndani ya siku thelathini tangu ufukuzwe. Nitayapeleka mwenyewe. Usiende huko wala usiongee na mtu.

Mwanao,
Kasian


Ipogolo
15 Aprili 2024

Mwanangu Kasian,

U mzima? Naandika kwa sababu simu zangu hupokei, na konda wa basi amekubali kuifikisha barua hii ofisini kwako. Siku zimepita. Umepeleka? Saida, niliyekuwa naye jikoni, anasema amekuona hotelini ukinywa chai na meneja. Nimemjibu kwamba unafuatilia haki yangu. Nimesema kweli?

Shangazi yako,
Veneranda


Mbeya
22 Aprili 2024

Shikamoo shangazi,

Natumaini hujambo. Kazi zimenibana, usinifikirie vibaya. Nimezungumza na meneja. Andika barua ya kuomba radhi, atakupa mshahara wa mwezi mmoja, yaishe. Kesi huchosha, na umri umekwenda.

Mwanao,
Kasian


Ipogolo
3 Juni 2024

Kasian,

Sisi wazima. Nyinyi sijui.

Nilikwenda Tume mwenyewe. Dada wa mapokezi akaniambia kupeleka malalamiko hakuna malipo, na ningeweza hata kujisemea. Muda ulikuwa umekwisha na hakuna aliyefika kwa niaba yangu. Nililia pale kwenye benchi, watu wakadhani nimefiwa. Yule dada akanielekeza niombe kusikilizwa nje ya muda, ila lazima nieleze kwa kiapo kwa nini nimechelewa. Nimeapa kwa Biblia kwamba wakili aliniahidi, ni mtoto wa marehemu kaka yangu, na jina lako nimelitaja.

Ijumaa lilikuja jibu la hoteli kupinga ombi langu. Nilimwomba Saida anisomee mara mbili jina la wakili wao, maana sikuamini. Ni wewe.

Wao wanakulipa, mimi nilikuwa wa bure. Umenisaliti, Kasian. Meneja kuniita mwizi kuliniuma, lakini hili ndilo linaloninyima usingizi.

Sitaomba radhi kwa nyama ambayo sikuiiba. Tumeitwa Jumatatu ijayo, na nitakuja peke yangu. Ukinikuta mlangoni, nakuomba usiniamkie mbele yao. Najijua, nitaitikia.

Shangazi yako,
Veneranda